Bwawa likijengwa juu, nani ataifidia mbuga ya chini? Somo la "benki ya ardhioevu" kwa watu wa Manyoni

Mwenye shamba akitakiwa kupisha barabara, reli au bwawa, anajua pa kuanzia. Mthamini anakuja, anapima eneo, anahesabu mikorosho na miembe, anapiga picha ya nyumba, na mwenye mali anasaini fomu. Fedha zinaweza kuchelewa na kiwango kinaweza kulalamikiwa, lakini angalau kuna jina kwenye karatasi, na kuna sheria inayosema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati.

Sasa ichukue mbuga. Hatuzungumzii hifadhi ya wanyama. Tunazungumzia ile mbuga ya kwetu, bonde la udongo mweusi linalojaa maji wakati wa masika na kubaki na unyevu hadi kiangazi. Mbuga ikikatwa na tuta la reli, ikifukiwa kifusi au ikikosa maji kwa sababu mto umezuiwa juu, ni nani anayesaini fomu? Mfugaji aliyekuwa akilisha ng'ombe pale mwezi wa Septemba hana hati. Mvuvi wa kambale hana shamba la kuthaminiwa. Mama anayekata matete ya kusukia mikeka hana mti wa kuhesabiwa. Wote wamepoteza, na hakuna aliyeandikwa.

Katika nchi nyingine wameunda utaratibu wa kuifidia mbuga yenyewe. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita benki ya ardhioevu. Katika makala hii tunaeleza utaratibu huo unavyofanya kazi, ulipofaulu na uliposhindwa, na kwa nini watu wa Manyoni wana sababu ya kuufahamu sasa.

Mbuga inafanya kazi gani?

Ardhioevu ni jina la jumla la maeneo yanayokaa na maji mwaka mzima au sehemu ya mwaka: mabwawa ya asili, madimbwi, mabonde ya mafuriko, vinamasi na kingo za maziwa. Kwa mtazamo wa haraka ni eneo lisilo na kazi. Nyumba haisimami, gari linazama, mbu wamejaa.

Lakini mbuga ina kazi nne angalau. Kwanza, hupokea maji ya mvua kubwa na kuyatoa polepole, kama sifongo, hivyo mafuriko hupungua na visima vya jirani hubaki na maji. Pili, huchuja matope na uchafu. Tatu, ni makulio ya samaki na ndege. Nne, ni akiba ya wakati mgumu: malisho ya kiangazi, jaruba la mpunga, chumvi, matete, udongo wa vyungu.

Kwa Manyoni, mfano mkubwa uko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Ukisimama Kilimatinde ukatazama mashariki unaona nchi ya chini: Kintinku, Makutupora, Chikuyu, na mbele yake bwawa kubwa la Bahi ambalo wilaya ya Manyoni na wilaya ya Bahi mkoani Dodoma zinalitegemea kwa pamoja. Maji yake mengi huletwa na mto Bubu, unaoteremka kutoka nyanda za kaskazini upande wa Kondoa na Chemba. Mto huo haufiki baharini. Eneo hili ni sehemu ya Bonde la Kati, ambalo mito yake huishia bara. Maji yakishaingia Bahi hayana njia nyingine ya kutokea. Hukauka kwa jua au huzama ardhini.

Hilo ni jambo la kushika akilini. Tutalirudia.

Benki isiyokuwa na fedha dirishani

Kila mkulima wa Singida aliyewahi kuuza dengu, choroko, ufuta au korosho kwa stakabadhi ghalani ataielewa benki ya ardhioevu kwa dakika moja.

Katika stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka mzigo ghalani. Mzigo unapimwa, ubora unakaguliwa, anapewa karatasi. Mnunuzi hanunui maneno, ananunua mzigo ulioko ghalani tayari, na stakabadhi ndiyo ushahidi wake.

Benki ya ardhioevu ni hivyo hivyo, isipokuwa mzigo ni mbuga. Mtu, kampuni au taasisi ya umma inatafuta mbuga iliyoharibika: labda ilichimbwa mifereji ikakauka, au ilifukiwa. Inaziba mifereji, inarudisha maji, inapanda majani ya asili, inazuia uharibifu mpya. Mamlaka ya serikali inakuja kukagua. Ikiona maji yamerudi na mimea imeshika, inatoa vipimo vya thamani, tuseme stakabadhi za mbuga. Kisha anakuja mjenzi wa barabara au kiwanda ambaye mradi wake utaharibu mbuga nyingine katika bonde lile lile la maji. Sheria inamwambia: huwezi kuharibu bila kurudisha. Badala ya kuanza kutengeneza mbuga mwenyewe, kazi ambayo haijui, ananunua stakabadhi kutoka kwenye benki ile. Stakabadhi ikishauzwa inafutwa, haiwezi kuuzwa tena. Na mbuga iliyotengenezwa inafungwa kisheria ibaki mbuga daima, ikiwa na mfuko wa fedha wa kuitunza.

Utaratibu huu una mambo matatu yanayoubeba. La kwanza ni sheria inayomlazimisha mharibifu kulipa, maana bila sheria hakuna mnunuzi. La pili ni mkaguzi mwaminifu, maana bila yeye stakabadhi zitatolewa kwa magunia matupu. La tatu ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Marekani walipoanzia, na walipojikwaa

Utaratibu huu umekomaa zaidi Marekani. Msingi wake ni Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972, inayotaka kibali kabla ya kufukia maji au ardhioevu zinazolindwa. Kibali hutolewa na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la nchi hiyo, na Shirika la Ulinzi wa Mazingira husimamia pamoja nacho. Benki za kwanza zilianza miaka ya 1980. Mwishoni mwa miaka hiyo serikali ikatangaza lengo kwamba jumla ya ardhioevu ya taifa isipungue: panapopotea hapa, parudishwe pale.

Lengo lilisikika vizuri. Mwaka 2001 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba lengo halijafikiwa. Wajenzi wengi waliotakiwa kutengeneza mbuga zao wenyewe hawakutengeneza, au walichimba dimbwi lisilofanana na kilichoharibiwa, na ukaguzi ulikuwa dhaifu. Dimbwi la maji lenye kuta za saruji si mbuga, hata kama ukubwa wa eneo ni ule ule.

Mwaka 2008 zikatoka kanuni mpya. Zilipendelea benki kuliko ahadi za mjenzi mmoja mmoja, kwa sababu katika benki mbuga inaanza kutengenezwa kabla ya uharibifu. Ziliamuru ufuatiliaji usiopungua miaka mitano, dhamana ya fedha endapo kazi itashindikana, na stakabadhi kutolewa kwa awamu kadiri mbuga inavyothibitika kuwa hai. Na zilisisitiza ngazi za kufuata: kwanza epuka kuharibu, ukishindwa kuepuka, punguza, kilichobaki baada ya hapo ndicho unachoweza kufidia. Fidia iko mwisho wa foleni.

Mwaka 2023 tukio jingine lilionyesha udhaifu wa mfumo wote. Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu iliyopunguza aina za ardhioevu zinazolindwa na sheria ile ya 1972. Mbuga isiyoungana moja kwa moja na mto au ziwa ilitoka nje ya ulinzi. Kwa hukumu hiyo, mjenzi ambaye jana alilazimika kulipa, leo halazimiki. Ndiyo maana tunasema soko la mbuga ni kivuli cha sheria. Sheria ikipungua, soko nalo linapungua.

Jirani zetu Uganda: ahadi ya Kalagala

Huenda mtu akasema Marekani ni mbali. Basi twende Jinja.

Uganda ilipotaka kujenga bwawa la umeme la Bujagali kwenye Mto Nile, lenye uwezo wa megawati 250, maporomoko ya Bujagali yalikuwa yazame. Yalikuwa mahali pa ibada za mizimu kwa watu wa Busoga, na mahali pa utalii wa mitumbwi. Benki ya Dunia, iliyokuwa miongoni mwa wadhamini wa mradi, ilitaka hasara hiyo ifidiwe. Mwaka 2007 yakasainiwa makubaliano: maporomoko ya Kalagala, yaliyoko chini zaidi ya mto, yatunzwe pamoja na kingo na misitu yake, wala yasijengewe bwawa la umeme. Bujagali ipotee, Kalagala ibaki. Hiyo ndiyo fidia ya mazingira.

Bujagali ilikamilika mwaka 2012. Kisha ukaja mradi mwingine, bwawa la Isimba la megawati 183, chini zaidi ya mto, kwa mkopo wa China. Lilizinduliwa mwaka 2019, na maji yaliyorudi nyuma ya bwawa hilo yakafika ndani ya eneo la Kalagala na kumeza sehemu yake. Makubaliano ikabidi yafanyiwe marekebisho.

Tuone kilichotokea. Hakuna aliyevunja bwawa la Bujagali ili kurudisha hali ya zamani. Uharibifu wa kwanza ulibaki, na fidia yake nayo ikaliwa na mradi wa pili. Ni kama mtu aliyekupa ng'ombe kwa fidia ya shamba, halafu baada ya miaka kadhaa akarudi kumchukua ng'ombe. Mwandishi wa mkataba wa pili hakufungwa na mkataba wa kwanza kwa namna ya kutosha. Fidia isiyofungwa kisheria kwa kila atakayekuja baadaye ni mkopo wa muda tu.

Nyumbani kwetu: chura wa Kihansi

Tanzania nayo ina kisa chake, na ni maarufu duniani kuliko sisi wenyewe tunavyokijua.

Katika miaka ya 1990 ulijengwa mradi wa umeme wa Kihansi, kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, wenye uwezo wa megawati 180. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, wanasayansi waligundua katika korongo la mto huo chura mdogo asiyeonekana popote pengine duniani. Aliishi kwenye majani yanayolowana kwa rasharasha ya maporomoko, katika eneo dogo mno, kama hekta mbili tu. Hakutaga mayai kama vyura wengine, alizaa watoto hai.

Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, rasharasha ikapotea. Vikawekwa vinyunyizio vya kuiga maporomoko. Vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani mwaka 2000 ili wazaliane kwenye bustani za wanyama. Kwa muda vinyunyizio vilisaidia, idadi ikapanda tena hadi mwaka 2003, kisha ikaporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura ulikutwa pale. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba chura huyo ametoweka porini. Vyura waliozaliwa ng'ambo walianza kurudishwa nchini mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa korongoni.

Kisa cha Kihansi kina mafunzo mawili. La kwanza, tathmini ya mazingira ikichelewa, fidia inakuwa ghali na haina uhakika: miaka mingi, mamilioni ya fedha, safari za ndege za vyura, na bado matokeo si ya kujivunia kikamilifu. La pili, kuna vitu visivyo na mbadala. Huwezi kununua stakabadhi ya korongo jingine la Kihansi, maana halipo. Kwa vitu vya aina hiyo neno ni moja tu: epuka.

Sheria yetu inasema nini?

Tanzania haina benki ya ardhioevu. Lakini tusiseme hatuna kitu.

Nchi yetu iliingia Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 2000, na ina maeneo manne yaliyoorodheshwa: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Bahi haimo. Maana yake si kwamba Bahi haina thamani. Maana yake ni kwamba haina kinga hiyo ya kimataifa, kwa hiyo inategemea zaidi sheria za ndani na macho ya wenyeji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na maziwa. Wengi wetu tunaijua kwa upande mmoja, pale bwana mazingira anapokuja kumwambia mkulima ang'oe bustani ya nyanya mtoni. Sheria hiyo hiyo inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haijaanza, chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Tathmini hiyo lazima iwashirikishe watu watakaoguswa, na lazima iwe na mpango wa namna ya kupunguza madhara. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 nayo inatambua dhamana ya fedha kwa ajili ya kurekebisha eneo mgodi ukifungwa. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazipa bodi za mabonde mamlaka juu ya vibali vya kutumia maji. Kwetu ni Bodi ya Maji Bonde la Kati, yenye makao Singida.

Kinachokosekana ni kiungo cha mwisho. Mpango wa kupunguza madhara unaandikwa, lakini hakuna daftari la wazi linalomwambia mwananchi: mradi huu uliharibu hekta hizi za mbuga, na hekta hizi zimerudishwa mahali fulani, mlinzi wake ni huyu. Shamba lina daftari. Mbuga haina.

Wengine watauliza: mbona vijiji vya wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vinapata mabilioni ya shilingi kwa biashara ya kaboni ya misitu? Si benki hiyo? Zinafanana, kwa sababu mtu wa mbali analipia utunzaji, na kijiji kinapata shule na zahanati. Lakini ziko tofauti kwa jambo kubwa. Hewa ya ukaa ni moja duniani kote, kwa hiyo msitu wa Katavi unaweza kufidia moshi wa Ulaya. Maji si hivyo. Mbuga ikirudishwa Katavi haiwezi kumnywesha ng'ombe wa Kintinku. Fidia ya mbuga ni lazima iwe katika bonde lile lile, ama sivyo ni fidia ya watu wengine.

Kwa nini Manyoni, na kwa nini sasa?

Dodoma ni makao makuu, na mji unakua kwa kasi. Mji unaokua unataka maji, umeme, mchanga, barabara na reli. Manyoni iko mlangoni. Reli ya kisasa inapita nchi ya chini: kipande kutoka Morogoro kinaishia Makutupora, na kipande cha kwenda Tabora kinaanzia hapo hapo. Sisi tunaitaka reli hiyo. Hakuna mkulima wa Manyoni asiyetaka mzigo wake ufike sokoni haraka. Lakini tuta linalopita kwenye bonde la mafuriko likikosa makalavati ya kutosha, upande mmoja hugeuka ziwa na upande wa pili hukauka. Huo ndio uharibifu wa mbuga usioonekana siku ya uzinduzi.

Jambo la pili ni Bwawa la Farkwa. Kwa miaka mingi Serikali imekuwa ikiuandaa mradi wa bwawa hilo kwenye mto Bubu, wilayani Chemba, ili kulipatia jiji la Dodoma na wilaya jirani maji ya uhakika. Benki ya Maendeleo ya Afrika imeshiriki kuugharimia. Dodoma ina kiu ya kweli, na hatuoni ajabu kwamba taifa linatafuta maji ya mji wake mkuu.

Lakini mto ule ule unaozuiwa Farkwa ndio unaolisha Bahi. Watu wanaopisha bwawa kule juu wana haki ya kuthaminiwa na kulipwa, na jambo lao linaeleweka. Watu wa chini hawapishi kitu. Nyumba zao zitabaki zilipo. Kinachoweza kubadilika ni gharika ya kila mwaka: ukubwa wake, wakati wa kufika, muda wa kukaa. Na mpunga wa majaruba, samaki na malisho vyote hufuata gharika hiyo kama ndama afuatavyo mama yake.

Hapa ndipo somo la benki linapotusaidia, hata kama hatuna benki. Linatufundisha kuuliza swali la fidia kwa niaba ya mbuga, si kwa niaba ya shamba peke yake. Na linatuonyesha kwamba katika bonde kama letu fidia iliyo bora huenda isiwe kutengeneza mbuga nyingine popote. Inaweza kuwa kuachia maji: kiasi kinachojulikana, kwa msimu unaojulikana, kilichoandikwa kwenye kibali cha bwawa na kutangazwa kwa watu wa chini. Wataalamu huyaita maji ya mazingira. Mbuga iliyopo ikiendelea kupata maji, ni nafuu kuliko kuiua na kutafuta nyingine.

Jambo la tatu ni urani. Kampuni za utafiti zimewahi kuchimba visima vya majaribio Bahi na Manyoni kutafuta madini hayo. Bei ya urani ilishuka baada ya ajali ya Fukushima, Japani, mwaka 2011, lakini bei hushuka na kupanda. Kwa nini urani iko kwenye mabonde yetu? Kwa sababu kwa maelfu ya miaka maji yameyeyusha kidogo kidogo kutoka kwenye miamba ya juu, yakaileta kwenye mabonde yasiyo na njia ya kutokea, na jua likakausha maji na kuacha madini. Sasa rudia lile tulilosema mwanzo: maji ya Bahi hayaendi baharini. Njia ile ile iliyoleta urani ndiyo itakayoshika uchafu wowote utakaomwagwa leo. Bonde lisilo na mlango wa kutokea halisafishwi na mafuriko. Katika mahali kama hapo ngazi ya "epuka" ina uzito kuliko mahali pengine.

Hoja ya upande wa pili

Tuwe wakweli. Kuna wanaosema fidia ya mbuga ni anasa ya matajiri, na kwamba nchi inayojenga haiwezi kusimamisha kila mradi kwa ajili ya matete na vyura. Hoja hiyo ina ukweli wake: mtu asiye na maji ya bomba hawezi kuambiwa asubiri. Wengine wanasema kinyume: benki ni leseni ya kuharibu, tajiri ananunua karatasi na kuendelea kufukia. Nao wana ukweli wao. Kalagala ni shahidi.

Sisi tunaona hivi. Uharibifu upo kwenye hesabu iwe umeandikwa au haukuandikwa. Usipoandikwa, anaulipa mfugaji anayehama, mvuvi anayerudi na nyavu tupu na mama anayetembea kilomita zaidi kutafuta maji. Kuufidia hakuongezi gharama mpya duniani. Kunaihamishia kwa yule anayefaidi mradi. Tatizo la benki si wazo lenyewe, ni kuanza na hatua ya mwisho na kuruka zile mbili za kwanza.

Maswali ya kwenda nayo mkutanoni

Mtaalamu wa tathmini ya mazingira akifika kijijini kwako na kuitisha mkutano, usiende kusikiliza tu. Nenda na maswali haya, uombe yaandikwe kwenye muhtasari wa kijiji:

1. Mradi huu utagusa mbuga, mto au bwawa gani, na kwa kiasi gani? Je, wa chini ya mto nao wamehesabiwa, au ni wale wanaopisha tu?

2. Mmejaribu njia gani za kuepuka kabla ya kuzungumza fidia? Njia nyingine ya reli, daraja badala ya tuta, makalavati zaidi?

3. Kama kuna fidia ya mazingira, itafanyika wapi? Ni bonde hili hili la maji?

4. Itakuwa tayari kabla ya uharibifu au baada yake?

5. Nani atakagua, kwa miaka mingapi, na ripoti yake tutaisoma wapi kwa Kiswahili?

6. Ni kitu gani kitakachozuia mradi mwingine kesho usiharibu eneo la fidia?

Kijiji kina silaha nyingine kabla hata mradi haujafika. Ni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Mbuga iliyochorwa kwenye ramani ya kijiji kama malisho, mazalia ya samaki au chanzo cha maji, ikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuwekewa sheria ndogo, inakuwa na jina. Mthamini akija, atakuta mali yenye mwenyewe. Isipochorwa, itaitwa eneo la wazi, na eneo la wazi kwa lugha ya miradi mara nyingi husomwa kama eneo la bure. Jumuiya ya watumiaji maji iliyosajiliwa nayo ni sauti inayotambulika kisheria mbele ya bodi ya bonde, kuliko malalamiko ya mtu mmoja mmoja.

Kwa hiyo tuanze na kile kilicho mikononi mwetu. Kabla ya masika yajayo, mwenyekiti na wajumbe wa halmashauri ya kijiji wanaweza kutembea na wazee na vijana kuzunguka mbuga yao, kuonyesha maji yanapofika mwaka wa mvua nyingi na yanapoishia mwaka wa ukame, na kuyaandika. Mzee anayekumbuka mafuriko ya 1998 yalifika mti gani ana ushahidi ambao hakuna mtaalamu atakayeukuta kwenye kompyuta. Uandikwe akiwa bado yupo.